Mimba Iliyotoka na Ulimi wa Kanisa

Kuna swali ambalo tumelisikia katika sharika zetu za Dodoma mara nyingi hata tumeacha kushtuka: "Huyu mama amefanya nini?" Huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya ibada, kivulini mwa mwarobaini, na wanaouliza si watu wabaya. Ni watoa sadaka, ni watu wanaokesha kwenye misiba na kuchota maji ya wageni. Mama fulani alikuwa mjamzito, miezi miwili, mitatu, kisha hakuwa tena. Ikitokea mara ya kwanza watu husema pole. Mara ya pili hunyamaza. Mara ya tatu ndipo swali huanza kutembea nyumba kwa nyumba.

Tunaandika kulipinga swali hilo. Hatutalipinga kwa upole, kwa sababu lenyewe halina upole. Na haki inataka tuanze na sisi wenyewe tunaovaa kola.

Miaka ya mwanzo ya utumishi wetu, tukiwa tumetoka chuoni na Kigiriki bado kikituwasha mdomoni, tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja katika kijiji nje ya mji. Mimba yake ya tatu ilikuwa imetoka wiki ile. Mama mkwe alikaa mlangoni, hakusema neno. Mzee wa kanisa tuliyefuatana naye akatangulia kunena: "Binti, kama kuna jambo, liungame. Mungu ni mwaminifu." Hatukumkatiza. Tulifungua Biblia, tukasoma, tukaomba, na katika maombi yale tukamsihi Mungu amsamehe yaliyofichika. Yule mama aliitikia Amina. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata, na baadaye tukasikia yuko kwa nabii mmoja aliyemwuzia mafuta. Tulisikitika kwamba kondoo amepotea. Ilituchukua miaka kutambua kwamba sisi ndio tuliomwonyesha njia ya kwenda huko. Nabii yule alimwambia jambo lile lile tulilomwambia sisi, ila yeye alikuwa na dawa yake mkononi.

Basi tuseme kwanza kinachotokea mwilini, maana wengi wetu tunahukumu jambo tusilolijua.

Kila mwezi mji wa mimba hujiandaa. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, homoni iitwayo estrojeni huukuza utando wa ndani ukanenepa. Yai likishatoka kwenye ovari, kile kifuko kilicholibeba hakitupwi. Hugeuka kikawa cha njano na kuanza kutengeneza homoni nyingine, projesteroni, na hiyo ndiyo inayoubadilisha utando uwe kitanda. Tezi zake hujikunjakunja na kutoa lishe, mishipa midogo ya damu hujisokota kama kamba, chembe zake huvimba kwa akiba ya chakula, na misuli ya mji wa mimba hutulizwa isibanebane. Siku 6 hadi 10 hivi baada ya kutungwa, kiumbe ambaye ni mdogo mno kuliko punje ya uwele hufika pale na kujichimbia. Akishashika, hutuma habari. Habari hiyo ni homoni yake mwenyewe, ile ile ambayo kipimo cha mkojo cha duka la dawa huitafuta kabla ya kuonyesha mistari miwili. Kile kifuko cha njano kikiipata, hakifi, huendelea na kazi, na kwa majuma ya kwanza mimba yote hukitegemea chenyewe, mpaka kondo la nyuma likomae na kuichukua kazi hiyo. Mwaka 1929, huko Marekani, George Corner na Willard Allen walionyesha jambo hili kwa sungura: walipokiondoa kifuko, mimba ilitoka, walipomdunga sungura maji yaliyokamuliwa kutoka katika vifuko vya namna hiyo, mimba ilikaa.

Tunawafundisha vijana wa kipaimara Zaburi ya 139, kwamba Mungu hutufuma tumboni mwa mama. Hatuoni kwa nini tusiwafundishe pia uzi na sindano anavyovitumia.

Sasa kazi yenye hatua nyingi namna hii inaweza kukatika mahali pengi. Kati ya kila mimba 10 zilizokwisha kujulikana, 1 au 2 hutoka, na nyingi kati ya hizo hutoka kabla ya juma la 12. Ndugu msomaji, angalia kwaya ya akina mama ikisimama kuimba Jumapili ijayo, ukumbuke hesabu hiyo. Wamo. Wameimba wiki ile ile na wewe hukujua.

Na chanzo? Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema, pengine zaidi, zina kosa la hesabu katika kromosomu. Mtoto hupaswa kuwa na 46, 23 za mama na 23 za baba. Ikizidi moja au ikipungua moja, mara nyingi mimba haiwezi kuendelea. Hakuna aliyefanya neno lolote. Si kubeba ndoo, si kulima, si kugombana na wifi, si kula hiki au kile. Hapa tuna neno kwa wazee wetu wanaopenda kusema mwanamke ni shamba. Hatuupendi mfano huo, lakini haya, tuuchukue kama ulivyo. Mkulima wa Bahi au Kongwa mtama wake usipoota, huuliza habari za mbegu, huuliza habari za mvua, huuliza kama ndege au mchwa wamepita. Hasimami katikati ya konde kulitukana konde. Iweje kwa mwanamke peke yake tusiulize lolote ila lile la kumlaumu?

Tumesema juu ya projesteroni, na tunajua wengine wamekwisha kuruka mbele yetu: kumbe ni homoni! Maana siku hizi laana imepata mpinzani katika vijiji vyetu, naye anaitwa "homoni zimevurugika." Zamani kila tatizo la mwanamke lilikuwa chango. Leo mwuzaji yule yule, mwenye chupa ile ile, amebadili jina la ugonjwa. Husikika redioni, hukutwa stendi na gulioni, ana mizizi ya kusafisha kizazi na unga wa kurekebisha homoni, naye hajampima mtu damu hata tone moja. Mama anayedaiwa marejesho ya kikoba hutoa fedha ya mbuzi wawili, akanywa asichokijua, wakati mwingine akiwa na mimba nyingine tayari tumboni. Tunamwita mwuzaji huyu mwongo, na tusionee haya kumwita hivyo hata akiwa muumini wetu mwenye kiti cha mbele.

Kwa sababu jambo lenyewe si jepesi kama chupa yake. Ni kweli projesteroni ikipungua utando hulegea na mimba hutoka. Lakini mara nyingi mambo huenda kinyume: mtoto ndiye hakujengeka sawasawa tangu siku ya kwanza, habari anayoituma ni hafifu, kifuko cha njano hukosa kuambiwa kiendelee, ndipo homoni inashuka. Hapo kushuka kwa homoni ni moshi, si moto. Madaktari wenyewe walichukua miaka mingi kulipambanua hilo, na walipolikosea watu waliumia. Kuanzia miaka ya 1940 wanawake wengi sana wa Marekani walipewa homoni ya kutengenezwa iliyoitwa diethylstilbestrol ili mimba zisitoke. Mwaka 1953 uchunguzi uliofanyika Chicago ulionyesha kwamba haisaidii. Iliendelea kuandikwa hata hivyo, hadi mwaka 1971 ilipoonekana kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na mama hao walipata saratani ya uke wakiwa vijana. Waliompa mama dawa ile walikuwa na vyeti na makoti meupe. Je, huyu wa gulioni?

Tangu hapo watu wamejifunza kupima kabla ya kusifu. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa wanawake 836, wengi wao wa Uingereza, waliopoteza mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana. Nusu walipewa projesteroni tangu mimba ilipogundulika, nusu walipewa kitu kisicho dawa, na tofauti haikuonekana. Mwaka 2019 yakatoka ya wanawake 4,153 waliokuwa wametokwa na damu mwanzoni mwa mimba. Kwa wote kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo. Lakini kwa wale waliokuwa wamekwisha kupoteza mimba 3 au zaidi, waliozaa mtoto hai walikuwa 72 katika kila 100 kwa waliopewa projesteroni, na 57 kwa wasiopewa. Hilo si jambo dogo. Mama aliyepoteza mimba tatu, akaona damu katika ya nne, anayo sababu ya kwenda kwa daktari siku ile ile na kuuliza juu ya dawa hiyo kwa jina lake. Akienda kwetu kwanza, nasi tukamweka siku tatu za kufunga kabla hajapanda gari, tumemnyang'anya siku tatu.

Na kuna mambo mengine yanayopimika. Tezi ya shingoni ikilegea, mwili wote hulegea nayo: mama huchoka, huhisi baridi hata mwezi wa kumi wakati jua la Dodoma linapasua mawe, hedhi huvurugika, na mimba zinaweza kutoka. Damu hupimwa, na tiba yake ni kidonge kimoja cha kila asubuhi kabla ya kula. Kisukari kisichotulizwa. Homoni ya maziwa ikizidi kwa asiyenyonyesha. Kifua kikuu, ambacho wengi wetu tunadhani hukaa kifuani tu, huweza kushuka kwa njia ya damu hadi kwenye mji wa mimba na kuuharibu utando wake. Kukwanguliwa kizazi kwa chuma, hasa mara kwa mara, huweza kuacha makovu, utando usiweze tena kunenepa; ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka itumike pampu ya kunyonya, au vidonge, badala ya chuma kile. Malaria tunaijua. Kaswende tunaijua pia, na hapo tunamsikia ndugu mmoja akisema kwa ushindi: si mnaona, basi dhambi imo!

Tumjibu ndugu huyo. Mara ngapi ugonjwa ule uliingia nyumbani kwa miguu ya mume, kutoka safari zake za minadani, na mke ambaye hajawahi kumjua mwanamume mwingine ndiye aliyesimamishwa mbele ya jumuiya? Kliniki ya wajawazito huita mke na mume wapimwe pamoja. Sisi humwita mke peke yake. Kama kanisa linataka kweli kutafuta dhambi, litafute kwa uadilifu angalau kama muuguzi wa zahanati.

Kuna ubaya mwingine unaozaliwa na ulimi wetu. Mama anayetokwa na damu huogopa kwenda zahanati, kwa kuwa akifika ataulizwa kwa jicho la pembeni kama ameitoa mwenyewe. Anaogopa sheria, anaogopa majirani, na tuseme kweli, anatuogopa sisi. Hukaa ndani akiwa amejifunga kanga, akingoja iishe. Wengine huisha wao. Damu nyingi, maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu hadi kuanguka, hizo si dalili za kungojea asubuhi, na huduma baada ya mimba kuharibika ipo kwa ajili yake bila kujali ilivyotoka.

Sasa turudi kwenye Maandiko, maana wanaomlaumu mama huyu huja na Biblia mkononi. Wanaipenda sana Kutoka 23:26, ile ahadi kwamba mimba hazitaharibika katika nchi. Manabii wa barabarani wameibandika hadi kwenye chupa. Wanasema: ahadi ipo, wewe hujaipata, basi kasoro iko kwako. Wasome mbele na nyuma ya mstari huo. Taifa zima linaahidiwa pale, likielekea nchi yake. Hakuna mwanamke mmoja anayepimwa imani kwa tumbo lake. Wakitaka kuona wanawake wenyewe wa ahadi wasome Mwanzo 35, wamkute Raheli, mke mpendwa wa Yakobo, akifa njiani katika kuzaa, na hakuna neno hata moja la kumlaumu. Ayubu, katika sura ya 3, anaitaja mimba iliyoharibika, na anaitaja kwa wivu wa mtu aliyechoka, kama kitu kilichopumzika. Rafiki zake ndio waliokuja na theolojia ya "umefanya nini," na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo hilo mbele ya kipofu katika Yohana 9, wakajibiwa tunavyojua walivyojibiwa. Na tumtazame kuhani Eli: mwanamke yuko mbele yake katika nyumba ya Mungu, midomo yake inatikisika kwa uchungu wa kukosa mtoto, naye mtumishi wa Mungu anamwona mlevi. Kila tunapoisoma sura ile tunaona aibu ya nyumba ile ya kijijini.

Sisi tunaoitwa kwa jina la Luther tuna aibu zaidi, kwa sababu baba yetu alikwisha kulisema hili. Mwezi wa Januari 1540 mkewe Katharina aliharibikiwa mimba akakaribia kufa. Miaka miwili baadaye, 1542, Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, alipotoa kitabu chake juu ya Zaburi ya 29, Luther aliongeza maandishi mafupi ya kuwafariji wanawake waliopoteza watoto wao hivyo. Anakataza wasitishwe kwa maneno makali, kwa kuwa mama mcha Mungu aliyepatwa na hilo si kosa lake. Kisha anaingia katika swali linalowauma akina mama wetu hadi leo: mtoto ambaye hakufikia ubatizo yuko wapi? Anasema hamu ya moyo wa mama na baba, hata isipopata maneno, Mungu huipokea kama sala. Anamkumbuka Musa kando ya Bahari ya Shamu, ambaye hatusomi kwamba alisema neno, na Mungu akamwuliza kwa nini analia. Anaikumbuka Warumi 8, Roho akiugua asipotamka. Mwaka ule ule wa 1542 Luther na Katharina walimzika binti yao Magdalena, mwenye miaka 13. Hakuwa mtu anayefariji kwa mbali.

Karibu miaka 500 imepita, na Mlutheri wa leo anawaambia dada zake waungame.

Wapo watakaosema tunaweka hospitali mahali pa maombi. Wazee waliotuletea Injili katika uwanda huu wa kati hawakujua mgawanyo huo. Kule Iambi mkoani Singida, na kule Haydom ambako hospitali ilifunguliwa mwaka 1955, Neno na dawa vilikaa mtaa mmoja. Tunaombea mvua na tunachimba malambo. Hakuna mtu katika Chamwino yote anayemwambia jirani yake kwamba kuchimba lambo ni kukosa imani.

Yule mama wa kijiji kile tulikutana naye tena, baada ya miaka mingi, soko la Majengo, sisi tukinunua karanga. Yeye ndiye aliyetuona kwanza. "Mbukwa, mchungaji," akasema, na tukatamani ardhi itumeze. Alisimulia kwa kifupi, amesimama, kapu mkononi. Ya nne nayo ilitoka. Ndipo ndugu yake alipompeleka hospitali ya mjini, na daktari, kabla hajamwuliza habari za kizazi, alimpapasa shingo. Ilikuwa tezi. Miaka yote ile ilikuwa tezi, na mtu yeyote aliyejua cha kupapasa angeipata. Tulimwomba radhi pale pale kati ya mafungu ya nyanya. Alituangalia kidogo, akasema, "Yameshapita, baba." Hatukuthubutu kuuliza kama alipata mtoto, naye hakusema.

Katika usharika tunaohudumu sasa tumeanza mambo machache. Mama akiharibikiwa mimba, mwinjilisti na mwenzake kutoka Umoja wa Wanawake huenda siku hiyo hiyo, na agizo lao la kwanza ni kuuliza kama damu imekoma na kama amefika kituo cha afya. Nauli ikikosekana hutoka mfuko wa diakonia. Hakuna kuuliza kingine. Mume huhimizwa aende kupimwa pamoja naye, na asipotaka tunakwenda kuzungumza naye sisi, si mama yake. Katika sala za Jumapili wanaombewa waliopoteza watoto tumboni, bila majina kama hawataki, kwa majina kama wanataka. Mara ya kwanza tulipolisema hilo madhabahuni, safu nzima ya bibi wa zamani, wenye wajukuu na vitukuu, waliinamisha vichwa. Mmoja alitufuata ofisini, akatuambia alipoteza wawili kabla ya Uhuru na hajawahi kumwambia mchungaji.

Baraza la wazee halikukubali yote. Mama na baba mmoja waliomba mtoto wao wa majuma 11 aandikwe katika kitabu cha usharika, na mzee mmoja akasimama akauliza ataandikwa ukurasa upi: si wa waliobatizwa, si wa waliozikwa. Tulibishana hadi saa mbili usiku. Kikao kiliahirishwa, ajenda ingali mezani, na sisi tumekwisha kusema upande tuliopo.